TAKILUKI: Taasisi Iliyotangulia Chuo Kikuu

Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na masomo yakaanza 2001. Hata hivyo, anayetafuta chimbuko la chuo hicho asiishie Tunguu, ilipo kampasi kuu ya leo. Na afike Vuga, Mji Mkongwe, kwenye Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, zama za Mzee Aboud Jumbe, na baadaye ikaingizwa SUZA. Kuzaliwa kwake kulijaza pengo la muda mrefu. Kiunguja kilikuwa kimefanywa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ilihama kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, Makerere na Mombasa, kisha ikarudi Dar es Salaam bila kuweka makao Unguja. Wazanzibari walitoa lugha. Mizani ya kuipima ikashikwa na wengine.

Wapo wanaosema Kiswahili kilistahili taasisi ya peke yake, kisichanganywe na Kiarabu, Kiingereza au Kifaransa. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba mzawa huisema lugha yake bila kulazimika kuieleza. Mwanafunzi mgeni ndiye anayemfanya mwalimu afafanue ngeli na viambishi hatua kwa hatua. Naye Mzanzibari anayejifunza lugha ya kigeni huonja ugumu uleule, akarudi kukifundisha Kiswahili kwa jicho jipya. Madarasa hayo mawili, la Kiswahili kwa wageni na la lugha za kigeni, yalifaidiana kwa sababu yalikuwa jirani.

Wengine hulalamika kwamba mageuzi ya elimu ya juu yameimeza TAKILUKI, ikabaki skuli moja ndani ya chuo ambacho kimeunganishwa pia na vyuo vya afya, utalii, fedha na uandishi wa habari. Ni kweli taasisi ilipoteza uhuru wake, lakini ndani ya chuo kikuu ilipata nafasi ya kutoa shahada na kukaa karibu na fani zinazohitaji lugha. Lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba Kiingereza ndicho kinachotawala ufundishaji wa fani hizo. Hapo ndipo urithi wa Vuga unapodai kazi: maarifa yanayosomwa kwa lugha za kigeni yatafsiriwe na kuandikwa kwa Kiswahili, ili muungano huo wa vyuo umfae mkulima wa Makunduchi sawa na mhitimu wa Tunguu.