Feni koili

Feni koili ni kifaa cha kupoza au kupasha joto hewa ya chumba kwa kutumia maji. Hutumika sana hotelini, hospitalini na katika majengo ya ofisi, kikifichwa juu ya dari au kusimamishwa ukutani.

Ndani yake mna feni, chujio na koili, yaani mabomba ya shaba yaliyopitishwa kwenye mapezi membamba ya alumini. Mtambo mkuu wa jengo husukuma maji baridi, kwa kawaida ya nyuzijoto 6 au 7 za Selsiasi, hadi kwenye koili. Feni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha hapo. Maji hupokea joto lake na kurudi mtamboni yakiwa na nyuzi 12 hivi. Wakati wa kupasha joto, maji ya moto kutoka kwenye boila hutoa joto kwa hewa.

Mfumo wa mabomba mawili hupoza au kupasha joto kwa zamu. Wa mabomba manne huruhusu vyumba tofauti kufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Unyevu wa hewa hugeuka kuwa matone ya maji kwenye koili baridi na kudondokea sinia lenye bomba la kutolea maji. Bomba hilo likiziba, maji huvuja darini. Hivyo sinia na chujio husafishwa mara kwa mara.