Moyo Unapougua: Msaada wa Kisaikolojia kwa Watoto na Wakubwa

Udogoni mwetu jina la Kidongo Chekundu lilikuwa la kututishia. Hospitali hiyo ya Unguja hutibu maradhi ya akili, lakini sisi tuliijua kuwa ni ya "wendawazimu" basi. Woga huo nilihama nao hadi Maskati, na ndio ulionichelewesha kumtafutia msaada mwanangu.

Alikuwa na miaka 9. Kila asubuhi ya skuli tumbo humuuma, siku za mapumziko haliumi. Usiku akaanza tena kukojoa kitandani. Mimi nikamwita mvivu, bibi yake akasema ni kijicho, tukamsomea. Baada ya miezi 3 daktari wa kituo cha afya aliona vipimo vyote ni salama, akaniuliza: "Nyumbani kumebadilika nini?" Babu yake, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alikuwa amefariki, na sisi hatukumtaja tena mbele ya mtoto tukidhani tunamhifadhi.

Dalili

Mtoto mdogo mara nyingi hawezi kusema "nina huzuni". Huumwa na tumbo au kichwa, huwa na hasira, hukosa usingizi, huacha kucheza au hushuka masomoni. Kwa mtu mzima, angalia huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na kubadilika kula na kulala, uchovu na kujilaumu. Mama aliyejifungua akiwa hivyo, asiambiwe tu "utazoea".

Mtu akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Ondoeni dawa na vitu vya hatari karibu naye, mumpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Nani hufanya nini

Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo na mazoezi, na kwa watoto hutumia michezo na michoro. Daktari wa maradhi ya akili huandika dawa inapohitajika. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha faida, na haifai kuziacha ghafla bila ya kumuuliza daktari.

Hapa Oman, anzia kituo cha afya cha mtaani kwako uombe rufaa. Hospitali ya Al Masarra, iliyoko Al Amerat, ni ya Serikali na ni maalumu kwa maradhi ya akili. Mzee wako akiwa anajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, afuatane na mtu mzima wa kumfasiria, si mjukuu. Kuna maneno mzee hatayasema mbele ya mtoto.

Dua na dawa

Wapo wanaoona kwenda kwa mwanasaikolojia ni upungufu wa imani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana. Sisi tuliendelea kumsomea mtoto, na vikao hatukuviacha.

Katika kikao cha tatu alichora kitanda cha babu yake, kitupu. Usiku ule ndipo tulipokaa naye tukamzungumza marehemu, tukalia sote. Tumbo halikupona siku ile. Lilichukua miezi, lakini lilipona.