Gari la Jasho: Reli za Mitaani Mombasa

Kamachumu haikupata kuwa na reli, ila kahawa ya nyanda zake iliijua reli mapema. Kabla ya reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, shehena ya Bukoba iliyokwenda pwani kwa njia ya reli ilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, kisha ikapanda garimoshi hadi Mombasa. Huko, mwisho wa safari, palikuwa na reli nyingine, nyembamba, iliyopita mitaani.

Vyuma vya reli hiyo vina kisa. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani hiyo ilianza kutandika reli ya upana wa futi mbili kuelekea bara. Kazi ikakwama baada ya kilomita chache tu. Baadaye vyuma vikatandikwa upya mjini, kati ya Mji wa Kale na Kilindini, na juu yake vikapita vigari vyenye benchi na paa la kivuli. Havikuvutwa na farasi wala kuendeshwa kwa umeme. Vilisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma ya abiria.

Hivyo mtaa mmoja ulikuwa na sura mbili. Aliyeketi aliona maduka, miembe na bahari, upepo ukimpiga usoni. Aliyesukuma aliona kisogo cha aliyeketi. Kadi za posta za enzi hiyo zinawaonyesha wasukumaji wamesimama wima nyuma ya kigari, bila majina.

Wazungu wa Mombasa waliviita vigari hivyo kwa neno la Kihindi, lile lile lililotupa sisi *gari*. Neno hilo limesafiri pia hadi kwa jirani zetu Waganda: *eggaali* ni baiskeli, na *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi, ni treni. Tazama, mpenzi wa lugha, kazi ya kivumishi hapo. Gari peke yake halikutaja nguvu inayolisukuma, ndipo treni ikahitaji kutajiwa moshi wake. Kwa kipimo hicho, kigari cha Mombasa kilistahili kuitwa gari la jasho.

Miaka ya 1920 motokaa zikakiondoa barabarani. Leo tusemapo *gari*, tunasikia injini. Mshairi atakayelitumia neno hili na asikilize vizuri: chini ya mngurumo huo mna pumzi za watu.