Homa kwa aliyewekewa mshipa bandia wa aota si ya kupuuzwa

Na Mwandishi Wetu, Singida

MGONJWA aliyewekewa mshipa bandia wa aota akirejea nyumbani Manyoni, Iramba au Ikungi na kupatwa na homa, wengi hufikiria malaria kwanza. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo vipimo vya kitaifa vimekuwa vikionyesha kiwango kidogo cha ugonjwa huo, na kwa mgonjwa wa aina hii homa yaweza kuwa dalili ya maambukizi yanayotishia uhai.

Aota ni mshipa mkuu unaopokea damu kutoka moyoni na kuisambaza mwilini. Ukivimba kama puto au kuchanika, madaktari huweza kuondoa sehemu iliyoharibika na kuunga bomba la kitambaa cha Dacron, lililoanza kutumika miaka ya 1950. Mmoja wa waasisi wake, daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, naye aliwekewa bomba hilo mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 97, akaishi hadi 2008.

Hata hivyo, kitambaa hicho hakina kinga ya mwili. Bakteria, hasa jamii ya stafilokoka, wakikifikia hujishikiza na kujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Maambukizi hayo huwapata wachache, lakini yanaweza kujitokeza wiki chache baada ya upasuaji au miaka mingi baadaye.

Dalili zake ni homa isiyoisha, kupungua uzito, maumivu ya mgongo au tumbo, na usaha au uvimbe kwenye kinena palipopasuliwa. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dharura, kwani mshipa unaweza kuwa umetoboka na kuingiliana na utumbo.

Katika uchunguzi, damu ya kuotesha vimelea inapaswa kuchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ilimradi hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri. Dawa ikitangulia, bakteria huweza wasionekane na daktari akakosa kujua anapambana na nani. Kipimo cha CT-Scan hufuata, kuangalia majimaji au hewa kuzunguka bomba. Vitu hivyo ni vya kawaida wiki za mwanzo, lakini vikionekana miezi kadhaa baadaye hutia shaka.

Tiba huanza kwa antibiotiki za mshipani kwa wiki kadhaa, lakini dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Mgonjwa anayemudu upasuaji huondolewa bomba lenye vimelea, akawekewa mshipa wake mwenyewe kutoka pajani, au bomba jipya lililoloweshwa rifampisini, dawa inayofahamika zaidi nchini kwa kutibu kifua kikuu. Wasiomudu huendelea kutumia dawa kwa muda mrefu, pengine maisha yote.

Upasuaji huo ni wa kibingwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, takriban kilomita 700 kutoka Singida mjini, hivyo rufaa inayocheleweshwa hugharimu muda ambao mgonjwa hana.

Kwa sababu hiyo, aliyewekewa mshipa bandia anashauriwa kutunza karatasi za upasuaji, kumweleza kila mganga anayemhudumia, na kutonunua antibiotiki dukani pindi homa inapoanza.