Weusi wa pikipiki ulianzia kwenye sinia

Mtu akikwaruza tangi la pikipiki yake, na tangi lenyewe liwe jekundu au la buluu, atahangaika. Atabeba kipande mpaka dukani, atalinganisha, atabishana na muuzaji. Lakini tangi likiwa jeusi hana shida. Nyeusi si ni nyeusi? Ananunua kopo, anapuliza uani jioni, na asubuhi jua likipanda anaona kiraka kimekaa juu ya tangi kama doa la masizi. Kulikoni?

Jibu linatupeleka mbali, kwa watengeneza masinia.

Karne ya 17 meli za Ulaya zilikuwa zikileta kutoka Japani na China masanduku na vikombe vya mbao vyenye weusi unaong'aa kama maji ya kisima usiku. Weusi ule ulitokana na utomvu wa mti ambao haukuota Ulaya, na utomvu wenyewe haukuvumilia safari ndefu ya baharini. Basi Wazungu wakaiga. Waingereza hata kazi yenyewe wakaiita kwa jina la Japani, ingawa ndani ya chungu hamkuwamo chochote cha Kijapani. Mlikuwamo lami ya asili, ndugu wa hii tunayoikanyaga barabarani, mafuta ya kitani na tapentaini. Katika karne ya 18, huko Pontypool nchini Wales, ukoo wa Allgood ulijipatia jina kwa kupaka mchanganyiko wa namna hiyo juu ya bati na kuuoka tanurini. Unapaka, unaoka, unasugua, unapaka tena. Moto ndio uliougeuza ule uji wa lami kuwa ngozi ngumu.

Kazi hiyo ikahamia na kustawi katika miji ya Bilston na Wolverhampton, katikati ya Uingereza. Humo ndimo alimoingia kijana John Marston mwaka 1851, akiwa na miaka 15, kujifunza ufundi kwa tajiri mmoja aitwaye Edward Perry. Alipofikisha miaka 23 akaanzisha karakana yake mwenyewe, na Perry alipofariki mwaka 1871 Marston akainunua biashara ya bwana wake wa zamani. Walitengeneza masinia, ndoo za makaa, makopo na vyombo vingine vya nyumbani. Tusisahau kwamba katika karakana za aina hiyo waliong'arisha vyombo kwa hatua ya mwisho walikuwa hasa wanawake, nao walitumia viganja vitupu. Majina yao hayakuvuma, lakini ule mng'ao uliosifiwa mezani kwa matajiri ulitoka mikononi mwao.

Kisha fasheni ikageuka. Vyombo vilivyopakwa fedha kwa umeme viliingia sokoni, na sinia jeusi likaonekana la kizee. Mafundi wa rangi walikuwa na matanuri, walikuwa na ujuzi, ila hawakuwa na cha kupaka. Kilichowaokoa wengi wao ni baiskeli. Marston alianza kuziunda mwaka 1887, akaziita Sunbeam, yaani mwali wa jua, jina lililopendekezwa na mkewe Ellen. Mwaka 1912, mzee akiwa na miaka 76, kiwanda chake kikatoa pikipiki. Zilikuwa nyeusi zenye mistari ya dhahabu, na watu walizisifia rangi kabla hawajauliza habari za injini. Marston alifariki mwaka 1918, na kampuni ikapita mikononi mwa wengi. Mtindo wa nyeusi yenye mstari haukufa. BMW ya kwanza kabisa, ya mwaka 1923, ilikuwa nyeusi yenye mistari myeupe. Hata baiskeli nyeusi za Kiingereza, Kihindi na Kichina zilizobeba mikungu ya ndizi na mitungi ya maji katika barabara zetu ni za ukoo huohuo.

Sasa turudi uani. Weusi wa kiwandani bado huokwa, ingawa lami imeacha nafasi kwa kemikali nyingine, na fremu nyingi siku hizi hupakwa rangi ya unga inayoyeyushwa kwa moto. Weusi wa kopo hukaushwa na upepo tu. Isitoshe, kuna nyeusi inayoelekea buluu na kuna inayoelekea kahawia, na tofauti hiyo kivulini huioni. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha nyumbani ang'arishe kwanza rangi ya zamani, maana jua limeshaifubaza. Halafu apulize rangi mpya kwenye kipande cha bati, akiache kikauke hadi kesho yake, ndipo akiweke kando ya tangi juani. Na asipake kiraka. Apige msasa na kupaka kipande chote mpaka kwenye ukingo wake, kwa matabaka membamba, na tabaka la juu liwe la aina inayostahimili petroli, la sivyo siku ya kwanza ya kujaza mafuta kazi yote itachuruzika.

Kwa mnunuzi wa pikipiki kuukuu, tofauti hiyo ni mali. Achuchumae mchana kweupe atazame shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, kwa sababu mgongano mkubwa huacha alama yake hapo. Achovye kitambaa katika thina asugue kidogo mahali palipojificha. Weusi uliookwa kwa kawaida hautoki. Kitambaa kikirudi cheusi, amwulize muuzaji ni nini kilichochomelewa chini yake, na asitoe hata shilingi kabla hajajibiwa.