Barua iliyofungwa ikigoma kufunguka, usiseme "nitumie kawaida"

Jamani wadau, hili niliahidi siku nyingi. Baadhi yenu mnaponitumia habari nyeti mnazifunga kwanza kwa PGP, ile programu ambayo Phil Zimmermann wa Marekani aliitoa mwaka 1991. Safi sana. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunasoma barua pepe kwenye brauza, kwa kutumia Mailvelope au Roundcube, na siku ikigoma kufunguka tunababaika.

Mimi nilishababaika. Mfanyakazi wa ofisi fulani alinitumia nyaraka zikiwa zimefungwa vizuri kabisa. Zikagoma. Kwa haraka zangu nikamjibu: "Haifunguki, nitumie kawaida tu." Akatuma, tena kwa anwani ya kazini. Wiki hiyo hiyo akaitwa kuhojiwa. Siwezi kuapa kwamba ni barua ile, ila hajaniandikia tena mpaka leo. Na kumbe kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimebadilisha kompyuta, ufunguo wangu wa siri ukabaki kwenye ile ya zamani.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mailvelope hutunza funguo ndani ya brauza yenyewe, si kwenye akaunti yako ya barua. Ukiiondoa programu, au ukihamia mashine nyingine, unaanza mikono mitupu. Kwa hiyo toa nakala ya ufunguo wa siri, uiweke kwenye flashi, ufungie mahali. Roundcube yenye kipengele cha Enigma ni kinyume: funguo hukaa kwenye seva. Ukibadilisha kompyuta hupotezi kitu, lakini mwenye seva analo faili la ufunguo wako wa siri, linalolindwa na neno la siri pekee. Kama seva ni ya mwajiri wako, fikiria mara mbili.

Ukiambiwa hakuna ufunguo unaofaa, soma namba ya ufunguo inayotajwa kwenye ujumbe wa kosa, kisha ilinganishe na yako. Mara nyingi utakuta aliyekuandikia ametumia ufunguo wako wa zamani alioupata miaka iliyopita. Ndiyo maana ufunguo wa zamani haufutwi! Hata ukiisha muda wake bado unafungua barua zilizofungwa kwa ufunguo huo. Na ukiongeza muda, lazima uwatumie watu upya ule wa wazi, la sivyo kwao bado umekwisha.

Wengine wanalalamika kwamba barua imekuja tupu, ina viambatisho viwili, kimoja kimeandikwa "Version: 1" basi, kingine kinaitwa encrypted.asc. Haijaharibika. Ni mtindo wa PGP/MIME ambao brauza yako haijauelewa. Pakua hicho cha pili, ukifungue kwa Kleopatra kama unatumia Windows.

Kuhusu saini, watu wanachanganya mambo mawili. "Saini haijulikani" maana yake huna ufunguo wa wazi wa mtumaji; utafute, halafu mpigie simu akusomee alama ya ufunguo, herufi na tarakimu 40 kwa funguo nyingi. Inachosha, lakini bila hivyo yeyote anaweza kutengeneza ufunguo wenye jina lake. "Saini mbovu" ni kwamba maandishi yamebadilika njiani. Si lazima awe adui; programu ya kuzuia virusi ikiongeza mstari wake mmoja chini ya barua inatosha. Ila usiamini yaliyomo mpaka umemuuliza kwa njia nyingine. Angalia na saa ya kompyuta pia. Zile za zamani zenye betri iliyokufa hurudi miaka mingi nyuma, kisha saini ya jana inaonekana imetoka kesho kutwa.

Na kichwa cha barua HAKIFUNGWI kwa kawaida. Nilishapokea barua iliyofungwa barabara huku kichwa kikisema yote. Andika "Habari" inatosha. Pia usiandike siri kwenye kisanduku cha kawaida cha barua ndipo uifunge baadaye, kwa sababu rasimu hujihifadhi yenyewe kwenye seva ikiwa wazi. Tumia dirisha la Mailvelope.

Ikishindikana kabisa, mjibu mtu kwa barua iliyofungwa pia, mwambie ni ufunguo upi atumie, usinukuu alichoandika.

Mwenye tatizo jingine aulize kwenye maoni hapo chini, anakili maneno ya kosa kama yalivyo. Tafadhali msibandike ufunguo wa siri. Kuna mdau alishaubandika mzima, nikaufuta fasta na kumwambia aubatilishe siku hiyo hiyo.