Njoro iliipa dunia ngano, sifa zikahesabiwa kwingine

Kwenye miteremko ya Eburru, upande wa Elmenteita, kuna pango ambalo mwanafunzi yeyote wa akiolojia ya Afrika Mashariki hukutana nalo mapema vitabuni. Linaitwa Gamble's Cave, kwa jina la mlowezi aliyemiliki shamba lililokuwa na pango hilo. Louis Leakey alilichimba mwishoni mwa miaka ya 1920, akapata mifupa ya watu na zana za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa. Mwaka 1931 kitabu chake, The Stone Age Cultures of Kenya Colony, kikachapishwa Cambridge. Tangu hapo anayeandika kuhusu Enzi ya Mawe katika Bonde la Ufa humtaja Leakey, na akilitaja pango, humtaja Gamble. Vibarua waliouchimba na kuuchekecha udongo ule hawamo. Mwenye shamba aliingia katika sayansi kwa hati ya ardhi tu.

Sisemi haya kumsimanga Leakey. Ndivyo desturi ilivyokuwa: aliyeshika kalamu ndiye mwenye kazi, na wengine, wakibahatika, hupata mstari kwenye shukrani. Heslon Mukiri, aliyefuatana naye kwenye machimbo kwa miongo kadhaa, tunamjua kwa sababu akina Leakey wenyewe walimwandika. Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, pale nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938, ripoti ilitoka 1945 katika jarida la Royal Society la Afrika Kusini ikiwa na jina lake peke yake. Ni ripoti ya kazi nzuri, na watafiti wanairejelea hadi leo. Ila wakati huo hakuna aliyekaa chini kuhesabu imerejelewa mara ngapi.

Kuhesabu kulikuja baadaye, na kulitoka mahali ambapo pengine hukutarajia: kwa mawakili. Tangu 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na vitabu vya Shepard, vilivyowaonyesha kesi fulani imetajwa katika hukumu zipi za baadaye, na kama bado ina nguvu au imetenguliwa. Mwaka 1955 Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza wanasayansi nao wawe na chombo cha aina hiyo. Mwaka 1964 kampuni yake ya Philadelphia ikatoa faharasa ya kwanza ya marejeo ya sayansi, iliyokusanya majarida 613. Lengo lilikuwa kumsaidia msomaji kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Kumpima mtu kama gunia kwenye mizani kulikuja baadaye, pale wakuu wa vyuo na wafadhili walipogundua kwamba chombo kile kinatoa namba, na namba haihitaji mtu asome makala.

Kipimo cha uzito wa jarida nacho kilizaliwa humo humo. Unachukua marejeo ya mwaka huu kwa makala ambazo jarida lilichapisha miaka 2 iliyotangulia, unayagawa kwa idadi ya makala hizo. Garfield na mwenzake Irving Sher walikitumia kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yao. Kisha mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta faharasa ya h: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Google Scholar ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, na baadaye mhadhiri yeyote mwenye simu akaweza kujitazama h yake akiwa kwenye matatu ya Njoro.

Na Njoro ndiko swali la nani anahesabiwa linakouma zaidi.

Mlowezi Lord Delamere alipoanza kulima ngano huko mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu uliimaliza shambani. Ndiyo sababu aliajiri mtaalamu, G. W. Evans, achanganye mbegu mpaka upatikane mche unaostahimili. Serikali ya kikoloni ikafungua kituo cha kuzalisha mbegu za ngano Njoro mwaka 1927. Ndicho kituo ambacho sasa kiko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO. Mahali hapo pana laana ambayo kwa mtafiti ni baraka. Ni juu, zaidi ya mita 2,000, kuna ubaridi na umande, na katika nyanda hizi ngano haikosekani shambani mwaka mzima, kwa hiyo kutu haikosi pa kukaa. Mche unaosimama Njoro umekwisha kupigana na kila kilichopo.

Mbegu za Kenya zikaanza kusafiri. Zilifika Australia, zikafika Amerika Kaskazini, na Mexico zikamfikia Norman Borlaug, ambaye alikuwa akipambana na kutu ya shina tangu 1944. Miongoni mwa aina zake za mwanzo ilikuwamo Kentana 48, mtoto wa ngano ya Kenya na ngano ya Kiitaliano iitwayo Mentana. Borlaug alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Katika orodha za wazazi wa ngano, wazalishaji wa mbegu huandika kwa uaminifu mkubwa nani kazaliwa na nani, na humo neno Kenya limejaa. Lakini orodha ya wazazi wa mbegu si orodha ya marejeo. Hakuna kompyuta ya Philadelphia iliyowahi kumpa mtu wa Njoro alama moja kwa sababu mche wake uliingia ukoo wa ngano ya Mexico.

Waliofanya kazi Njoro waliandika pia. Waliandika ripoti za mwaka za kituo, na walikuwa na jarida la kilimo la Afrika Mashariki lililoanza 1935, ambalo baadaye liliongezewa misitu katika jina lake. Ripoti ya mwaka haiingii kwenye faharasa. Na yale majarida 613 ya Garfield mengi yalikuwa ya Marekani na Ulaya. Mtu angeweza kufanya kazi miaka 30 kwenye vitalu vya Njoro, mbegu zake zikalishe mamilioni, na mbele ya mizani ile akawa mwepesi kama kapi.

Halafu ikaja Ug99. Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliona kutu ya shina kwenye ngano ambayo haikupaswa kuugua, ngano yenye kinga iitwayo Sr31 iliyokuwa imeenea dunia nzima. Sampuli zikapelekwa Afrika Kusini kwa Zakkie Pretorius. Makala ikatoka mwaka 2000 katika jarida la Plant Disease ikiwa na majina manne: Pretorius, Singh, Wagoire, Payne. Aliyeiona shambani yuko wa tatu. Anayesoma marejeo kwa haraka hukutana na “Pretorius na wenzake”, na hapo ndipo Wagoire anapomezwa. Katika sayansi nyingi za kibayolojia jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho mara nyingi ni la mkubwa wa maabara. Wa katikati hubaki kujieleza mwenyewe.

Kutu hiyo ilivuka mpaka ikaingia Kenya, na Njoro, kwa ile laana yake, ikawa mahali pa kuijaribia ngano ya dunia. Septemba 2005 Borlaug, akiwa mzee wa miaka 91, alikuja Nairobi ambako mpango wa kimataifa wa kupambana na kutu ulizinduliwa. Tangu hapo makumi ya maelfu ya mistari ya ngano kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro, misimu miwili kwa mwaka, ili ipigwe na kutu na ionekane ipi itasimama.

Ukitaka kuona jinsi majina yanavyopanda na kushuka, fuata makala tatu za jarida lile lile la Plant Disease. Ile ya 2006, iliyoeleza Ug99 ilivyosambaa Afrika Mashariki, inaongozwa na Ruth Wanyera wa Njoro, anafuatwa na Miriam Kinyua, kisha Jin na Singh. Njoro mbele. Mwaka huo kutu ikabadilika nchini Kenya ikaivunja kinga nyingine, Sr24, na mwaka uliofuata ikaangusha Kenya Mwamba, aina iliyokuwa imependwa na wakulima wengi. Makala ya 2008 iliyotangaza badiliko hilo ina majina sita, na la Njoro halimo. Ile ya 2009, kuhusu kinga ya Sr36, ina majina saba. Wanyera wa sita, Peter Njau wa saba.

Sioni hila hapo, na sitaki msomaji aione. Kupima aina ya kutu ni kazi ya maabara, na sampuli zilisafirishwa hadi Minnesota, zikafunguliwa wakati wa baridi kali ili mbegu ya ugonjwa ikiponyoka isipate ngano ya kuambukiza. Aliyekaa na vyombo alikuwa na haki ya kuandika. Ninachosema ni kwamba kazi ya shambani Njoro mwaka 2006 haikuwa nyepesi kuliko ya mwaka uliotangulia, ila safari moja ilihesabiwa na nyingine haikuhesabiwa. Namba ya h haiwezi kukueleza tofauti hiyo.

Kwa akina Leakey mambo yalienda polepole zaidi. Kamoya Kimeu, ambaye jicho lake lilipata mabaki mengi ya kale kuliko karibu mtu yeyote, ndiye aliyeuona mfupa wa kwanza wa kiunzi cha kale kinachoitwa Kijana wa Turkana mwaka 1984. Makala ya Nature ya 1985 ina Brown, Harris, Leakey na Walker. Kimeu alipewa medali ya National Geographic huko Marekani na shahada ya heshima mwaka 2021, na nyani wa kale wakaitwa kwa jina lake. Heshima zote hizo hazina safu kwenye Google Scholar.

Sasa mizani imeingia vyuoni kwetu rasmi. Egerton, iliyoanza Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi na kuwa chuo kikuu 1987, iliwekwa chini ya vigezo ambavyo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014: kupanda kutoka mhadhiri hadi profesa kulihitaji pointi za machapisho. Vyuo navyo hujigamba kila Januari na Julai kwa orodha ya Webometrics, ambayo hutazama pia marejeo ya Google Scholar. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: majarida ya kulipia yasiyo na mhakiki yakafurika kwenye barua pepe za wahadhiri, na marafiki wakaanza kupeana nafasi kwenye orodha ya waandishi. Kwa nini wasipeane? Makala ya wanafizikia wa Geneva ya mwaka 2015 ilikuwa na waandishi 5,154, na kila mmoja anahesabiwa kana kwamba aliiandika peke yake.

Dawa imejaribiwa. Wahariri wa majarida ya tiba, waliokutana kwanza Vancouver mwaka 1978, waliweka baadaye masharti ya nani anastahili kuitwa mwandishi. Azimio la San Francisco la 2012 liliwataka waajiri waache kumpima mtu kwa uzito wa jarida. Na mwaka 2014 ukaja utaratibu wa CRediT wenye majukumu 14, ambapo makala hueleza nani alibuni, nani alikusanya data shambani, nani alitoa sampuli na vifaa, nani aliandika. Chini ya utaratibu huo mtu wa Njoro aliyepanda vitalu na kutoa mbegu anapata mahali pake kwa maandishi. Majarida mengi makubwa sasa yanaudai. Lakini kompyuta inayokokotoa h husoma orodha ya majina na idadi ya marejeo. Safu ya majukumu haiigusi.